Mstari, Mteremko na Kitenzi cha Kutosha

Tarehe 1 Agosti 1885, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliyatangazia mataifa makubwa mipaka ya dola lake jipya la Kongo. Upande wetu wa mashariki maneno yake yalikuwa machache sana. Mpaka ufuate longitudo ya digrii 30 mpaka latitudo ya digrii 1 na dakika 20 kusini ya ikweta, halafu kutoka hapo uende kwa mstari mnyoofu hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Basi. Hakutajwa mto, kilima, kijiji wala mwami, yaani mtawala wa kienyeji. Zilitajwa nukta mbili, na kati yake ukapita mstari. Aliyeuchora hakuwahi kukanyaga Kongo hata siku moja, na mambo aliyoyafanyisha huko yanatosha kumnyima sifa ya unyoofu, ila mstari wenyewe ulikuwa mnyoofu kweli.

Kwa mwalimu wa hesabu wa Goma sijui mfano ulio bora kuliko huo. Vitabu vinampa mwanafunzi A(2, 3) na B(5, 9), nukta zisizo na kwao, halafu vinamwambia atafute mlinganyo. Nukta za Leopold zina kwao. Ya kwanza leo iko Uganda, kilomita chache kusini ya mji wa Kabale, upande wa kwenda Katuna. Ya pili iko pale Rusizi inapoingia Tanganyika, karibu na Bujumbura. Tuchukue penseli.

Tuhesabu kwa dakika za digrii. Herufi x iwe umbali kutoka longitudo ya 30 kwenda magharibi, na y iwe umbali kutoka ikweta kwenda kusini. Digrii 1 na dakika 20 ni dakika 80, kwa hiyo nukta ya kwanza ni (0, 80). Ncha ya ziwa iko karibu na longitudo ya digrii 29 na dakika 18, latitudo ya digrii 3 na dakika 21. Hiyo ni (42, 201). Toa 80 kwenye 201, zinabaki 121. Toa 0 kwenye 42, ni 42 ileile. Gawanya 121 kwa 42, utapata 2.88 hivi. Mlinganyo wa mpaka wa Leopold, kutoka Kabale hadi Tanganyika, ni huu: y = 2.88x + 80.

Sasa tuuulize mlinganyo huo habari za kwetu. Goma iko kama dakika 101 kusini ya ikweta. Toa 80, zinabaki 21. Gawanya kwa 2.88, unapata kama 7. Maana yake, kwenye latitudo ya Goma, mstari ulipita dakika 7 tu magharibi ya longitudo ya 30. Goma yenyewe iko dakika 46 magharibi. Tofauti ni dakika 39, na kila dakika huku karibu na ikweta ni karibu kilomita 1.85. Mstari ulipita basi zaidi ya kilomita 70 mashariki ya hapa, na Ziwa Kivu lote, kutoka Goma hadi Bukavu, liliangukia upande wa Leopold. Wakati huo Wazungu walikuwa hawajalifikia ziwa hilo. Mzungu wa kwanza kulifikia alikuwa Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen, mwaka 1894, miaka tisa baada ya mstari kuchorwa. Katika safari hiyohiyo ndipo alipopanda Nyiragongo, volkeno iliyo juu ya Goma.

Wajerumani walipoona mstari wa karatasini unaikata Rwanda vipande viwili na kuwanyima ziwa, walikataa. Mabishano yakaenda hadi 1910, mkataba ukatiwa sahihi Brussels tarehe 11 Agosti mwaka huo. Mstari mnyoofu ukafutwa. Mpaka ukapita katikati ya Ziwa Kivu, ukatoka ufukweni kati ya Goma na Gisenyi, ukapanda Karisimbi na kufuata volkeno hadi Sabinyo. Kisiwa cha Idjwi kikabaki Kongo. Habari za mipaka hii zingali moto mpaka leo, na kila upande una ramani yake ya kuonyesha. Mimi hapa nina shughuli na hesabu, na zaidi ya hesabu, na maneno yake.

Maana ukishaimaliza hesabu hiyo kwa Kiswahili, kama nilivyofanya hapo juu, unaona jambo la ajabu. Haifundishwi hivyo karibu popote. Sekondari za Tanzania zinafundisha hisabati kwa Kiingereza, za Kenya vilevile, zetu kwa Kifaransa. Tanzania ndiyo inayofundisha hisabati ya shule ya msingi kwa Kiswahili, na kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya istilahi tulizo nazo imetoka kwenye vitabu vyake na kwenye kamusi za Dar es Salaam. Lakini mlinganyo wa mstari unaopita nukta mbili ni somo la mtoto aliyekwisha kuvuka kizingiti cha sekondari, akaiacha lugha mlangoni. Maneno yapo kwenye kamusi, yamevaa suti, yanangoja kualikwa.

Na huku Goma? Darasani ni Kifaransa: “droite”, “pente”, “abscisse”, “ordonnée”, na ule msemo mzito wa vitabu vya Kibelgiji, “coefficient angulaire”. Nje ya darasa, kwenye kivuli cha ukuta, mwanafunzi mmoja akimweleza mwenzake ambaye hakuelewa, ni Kiswahili. Ni Kiswahili chetu, chenye “ku” na “yenye”, chenye mustari na mutu badala ya mstari na mtu. Hapo ndipo istilahi zinapopimwa, na hapo ndipo utaona zipi zina nguvu na zipi ni pambo.

Tuanze na mstari wenyewe. Neno hili lina asili moja na la Kiarabu “mistara”, na mistara kwa waandishi wa zamani ilikuwa kifaa: ubao au gamba gumu lililotobolewa matundu pembeni, likapitishwa nyuzi zilizokazwa kutoka tundu hadi tundu. Mwandishi aliweka karatasi juu yake, akaipapasa kwa kidole, nyuzi zikaacha alama, naye akaandika juu ya alama hizo bila kupinda. Kwa hiyo neno letu, kabla halijaingia kwenye hisabati, lilikuwa tayari na uzi na matundu mawili ndani yake. Sijui lugha nyingi ambazo jina la mstari limebeba siri ya mstari kiasi hicho.

Fundi wa Goma anaijua siri hiyo bila kitabu. Mtazame anapoanza msingi wa nyumba juu ya jiwe la volkeno. Kigingi cha mti hakiingii. Lava ya Nyiragongo iliyopoa mwaka 2002 haikubali kuchomwa. Anatafuta ufa, anachomeka kipande cha nondo, anakikaza kwa vijiwe. Anakwenda upande wa pili, anafanya vilevile. Halafu anafunga kamba na kuivuta mpaka inalia akiigusa kwa kidole. Akiwa na nondo moja tu, kamba inaweza kuelekea popote, ziwani au mlimani. Akiwa na mbili, hana uchaguzi tena. Euclid, aliyeandika Alexandria miaka ipatayo 300 kabla ya Kristo, aliliweka jambo hilo kuwa ombi lake la kwanza kabisa kwa msomaji: nikubalie kuchora mstari mnyoofu kutoka nukta yoyote hadi nukta yoyote.

Ombi lake la pili, hata hivyo, ndilo linalolitia neno letu taabani. Aliomba akubaliwe kuurefusha mstari huo bila kikomo. Kamba ya fundi inaishia kwenye nondo; mstari wa mlinganyo hauishii. Ile y = 2.88x + 80 haikujua kwamba Leopold alitaka kuishia Tanganyika. Ukiipa x kubwa zaidi itakuvusha ziwa na kukupeleka kusini hadi uchoke. Ukiipa x iliyo hasi itakurudisha Uganda na kukuvusha ikweta. Kifaransa kina maneno mawili tofauti, “droite” kwa ule usio na mwisho na “segment” kwa ule wenye ncha mbili, na mwanafunzi wa Goma anayajua yote mawili. Kiswahili kinasema mstari, kikitaka kubagua kinasema kipande cha mstari. Kwa ile nusu yenye mwanzo bila mwisho, mwale, neno tulilolipata kwa jua, lingefaa kabisa.

Wapo wanaotaka tuiazime “droite” na kuiandika drwati, tumalize. Sikubaliani nao. Kwanza masikioni mwa mtoto neno hilo ni upande wa kulia kabla halijawa kitu cha hesabu, na mstari hauna kulia. Pili, kasoro ya mstari ni ndogo na dawa yake ipo: tuseme mstari tu kwa ule usio na kikomo, na tusilegeze kamwe kusema kipande pale penye ncha mbili. Kwa kipimo hicho, mpaka wa mwaka 1885 ulikuwa kipande cha mstari, urefu wake kama kilomita 240.

Nukta nayo ni neno zuri kupita maelezo. Ni ile nukta inayotenganisha herufi za Kiarabu zinazofanana umbo, ambayo ukiikosea umeandika neno jingine. Ni kitu kidogo kabisa chenye mahali, na mahali pake ndipo penye maana yake yote. Kwetu linashindana na “pointi”, lakini pointi ni mali ya mpira na ya mitihani: timu ina pointi tatu, mwanafunzi amekosa pointi nne. Hesabu iachiwe nukta.

Namba mbili zinazoonyesha mahali pa nukta zinaitwa majiranukta, neno utakaloliona kwenye makala nyingi za miji katika Wikipedia ya Kiswahili. Wengi wanalicheka, wakidhani majira ni masika na kiangazi tu. Kwa mabaharia wa pwani, majira yalikuwa pia njia ya chombo, mwelekeo anaoushika nahodha. Nukta yenye majira ni nukta inayojulikana namna ya kuifikia. Nalipenda. Najua pia kwamba ni refu, na kwamba kwenye kivuli cha ukuta hakuna anayelisema; pale wanasema “x yake” na “y yake”, na hilo nalo ni Kiswahili safi.

Tufike kwenye neno linalonisumbua zaidi: mteremko.

Vitabu vinaliita hivyo jibu la kugawanya, ile 2.88 yetu. Goma hatuhitaji kuelezwa mteremko ni nini. Mji mzima umelala kwenye mguu wa mlima. Nyiragongo ina mita 3,470; uso wa Ziwa Kivu uko kwenye mita 1,460 hivi; kutoka kileleni hadi ufukweni, ukipima kwa ramani, ni karibu kilomita 20. Hizo ni nukta mbili: (0, 3470) na (20, 1460). Toa moja kwenye nyingine: ni −2010 kwa juu na 20 kwa chini. Mteremko ni −100.5, yaani kila kilomita unayosogea kuelekea ziwani, unashuka mita 100 na nusu. Mlinganyo ni y = 3470 − 100.5x.

Ubaya wake uko kwenye ile alama ya kutoa. Kwa hisabati, mstari unaoshuka una mteremko hasi na unaopanda una mteremko chanya. Lakini teremka kwa Kiswahili ni kushuka, hakuna njia nyingine. Mteremko hasi basi ni kushuka kulikogeuzwa, yaani kupanda? Na mteremko chanya ni kushuka kuliko kwema? (Hasi yenyewe ina mkosi wake: mfugaji analijua neno hilo kwa kazi ya kisu.) Mwulize kijana anayeleta mzigo wa viazi kutoka Kibumba kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, akifunga breki kwa kisigino. Kwake mteremko na mpando ni vitu viwili, kimoja cha kushukuru na kimoja cha kulaani, na hakuna mtu atakayemshawishi kwamba kimoja ni kingine chenye alama mbele. Aljebra lakini haiwezi kuvumilia maneno mawili, kwa sababu inataka namba moja ibebe habari zote mbili.

Ningekuwa na kura, ningeipigia mwinamo. Kitu kinaweza kuinama upande huu au upande ule, na kuinama hakujachagua bado. Mti huinama mashariki, huinama magharibi. Mwinamo chanya na mwinamo hasi vinasomeka bila kumkwaza mtu. Mteremko tungeuacha ubaki na kazi yake ya kila siku, ya barabara na ya mlima.

Hata hivyo mlima wenyewe hauufuati mlinganyo wangu. Njia ya kupanda Nyiragongo huanzia Kibati, kwenye kimo kisichofika mita 2,000, na Kibati haiko mbali na kilele; ukiiweka kwenye kilomita ya 8 kwa ukarimu, y yangu inasema ungekuwa kwenye mita 2,666. Mlima uko chini ya mstari kwa mamia ya mita, kwa kuwa juu umesimama na chini umelala. Mwinamo wa nukta mbili ni wastani tu. Unasema umetoka wapi na umefika wapi, na haukuambii umepita wapi. Januari 2002 lava haikumwagika kutoka kileleni na kuteleza hadi ziwani kama mtu angetazamia kwa kuangalia grafu. Ilitoka kwenye nyufa zilizofunguka upande wa kusini wa mlima, zikishuka mpaka karibu na Munigi, mlangoni mwa mji. Watu wengi waliokimbia siku ile walishangaa kuona moto umetokea chini kuliko walikokuwa wakiutazamia.

Nimekuwa nikitaja majina ya vitu, mstari, nukta, mwinamo. Lakini nikisikiliza wanafunzi wakielezana, siyo majina ninayoyasikia. Ni vitenzi. Na hapa ndipo nina ugomvi na watunga istilahi, kwa heshima zote. Orodha zao ni orodha za nomino: upande huu nomino ya kigeni, upande ule nomino ya Kiswahili. Kiswahili chenyewe hakifanyi hesabu kwa nomino. Mstari unapita, unakata, unapanda, unashuka, unalala, unasimama.

Chukua kitenzi cha kazi yenyewe, cha kutafuta tofauti ya y mbili. Kwenye kivuli cha ukuta utasikia: “Tosha y ya kwanza ku ya pili, kisha ugawanye.” Msomaji wa Tanga au Mombasa atasimama hapo. Kwake kutosha ni kuwa kiasi cha kufaa: chakula kinatosha, inatosha, basi. Kwetu kutosha ni kutoa. Tunatosha viatu, tunatosha maji kisimani, tunatosha tatu ku saba na zinabaki nne. Nimewahi kusikia likiitwa kosa. Si kosa hata chembe. Tazama sarufi: anguka, angusha; waka, washa; shuka, shusha; choka, chosha. Kitenzi kinachoishia na -ka kinapotaka kumfanya mwingine atende, -ka inageuka -sha. Toka, basi, ni tosha. Kumtoa mtu ni kumfanya atoke. Kanuni ya Kiswahili imefuatwa hapa bila mkengeuko. Pwani ndiyo iliyochagua kutumia toa na kuiachia tosha kazi nyingine. Mimi ningeandika toa kwenye kitabu kitakachosomwa Dar es Salaam na tosha kwenye daftari la Goma, na nisingemruhusu mtu amwambie mtoto kwamba bibi yake hajui Kiswahili.

Vivyo hivyo kile ambacho Kifaransa kinakiita “ordonnée à l’origine”, ile 80 ya Leopold au 3470 ya Nyiragongo. Watunzi wamehangaika kukitafutia nomino. Sioni haja. Semeni: mahali mstari unapokata mhimili wa wima. Ni maneno sita, na kila moja linaeleweka mara ya kwanza. Mwanafunzi aliyekariri nomino anaweza kuisema bila kujua mstari unafanya nini hapo. Aliyesema unakata, amekwisha kuuona. Kuhusu herufi sina la kusema: Kongo tumezoea y = ax + b, aliyesoma Nairobi au Dar es Salaam ataandika y = mx + c, na mstari hautajali.

Wima wenyewe unastahili neno. Mbinu yetu ya kutoa na kugawanya inakwama pale nukta mbili zinapokuwa na x moja, kwa sababu utatoa, utapata sifuri chini, na kwa sifuri hakuna anayegawanya. Mwanafunzi hushangaa kwamba mstari upo, anauona, lakini mwinamo wake haupo. Kiswahili hakimwachi ashangae muda mrefu. Kitu kilichosimama wima hakijainama, umemaliza. Na mfano uko kwenye tangazo lilelile la 1885: kabla ya kufika kwenye nukta ya Kabale, mpaka ulikuwa longitudo ya 30, mstari wa kusimama kwenye ramani, wenye mlinganyo mfupi kuliko yote, x = 0 kwa kuhesabu kwetu. Mfalme alitumia aina zote mbili kwenye sentensi moja.

Limebaki neno mlinganyo, na hili nadhani ndilo kazi bora kuliko zote waliyoifanya watunzi wa Kiswahili. Lingana: vitu viwili vikae sawa, kimoja mbele ya kingine. Linganya: uvifanye vilingane, au uvipime kama vinalingana. Mlinganyo una maana zote mbili, na mwanafunzi anazihitaji zote mbili. Wengi wanadhani mlinganyo wa mstari ni jibu la kuandika mwishoni na kupigia mstari mara mbili. La. Ni kipimo. Ukitaka kujua kama Goma ilikuwa juu ya mpaka wa Leopold, chukua x ya Goma, 46, izidishe kwa 2.88, ongeza 80. Inakuja kama 212. y ya Goma ni 101. Hazilingani, Goma haimo. Kila nukta duniani inaweza kuulizwa swali hilohilo, na zile tu zinazolingana ndizo mstari. Mwaka 1637 Descartes alipochapisha jometri yake, jipya alilolileta lilikuwa hilo: mstari ukaacha kuwa kitu cha kuchorwa tu, ukawa sharti la kutimizwa. Sentensi hiyo ni nzito kwa Kifaransa cha darasani. Kwa neno mlinganyo ni nyepesi, kwa kuwa neno lenyewe limekwisha kuisema.

Na ukiupata mlinganyo, unachotafuta ndani yake kinaitwa suluhisho. Jirani zake kwenye kamusi ni suluhu na usuluhishi, maneno ambayo mtu wa Goma ameyasikia kwenye redio mara nyingi kuliko hesabu yoyote. Ndugu yao mwingine, asiyefanana nao usoni, ni istilahi. Yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kupatana na kutengenea. Istilahi si neno lililotungwa na mjuzi mmoja mezani. Kwa asili yake ni neno ambalo watu wamepatana juu yake. Kwa hiyo orodha iliyotoka Dar es Salaam bila kusikiliza Kivu ni nusu ya mapatano, na hiki Kiswahili cha kivulini kisichoandikwa popote ni nusu nyingine.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na sheria yetu ya elimu ya Februari 2014 inazitambua lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, kuwa lugha za kufundishia mwanzoni mwa shule. Milango hiyo miwili iko wazi. Ombi langu kwa walimu wa hesabu wa Goma, Bukavu, Bunia, Kisangani na Lubumbashi ni dogo. Siku mtakapofundisha “droite” inayopita nukta mbili, wapeni wanafunzi dakika kumi waelezane wenyewe kwa wenyewe kwa lugha yao, nanyi kaeni nyuma na daftari. Msiandike nomino, hizo tunazo. Andikeni vitenzi wanavyovitumia, kama walivyovitamka, pamoja na jina la mji. Vikikusanywa, vipelekeni kwa wale wanaotunga kamusi, na tosha iwe ya kwanza kwenye orodha.